Mpaka Sindano Izoee

Vulamba, Butembo
tarehe 9, mwezi wa pili 2024

Tata mupendwa,

Jambo sana. Hapa kwetu tuko bazima, batoto banasoma, mashini yangu ya kushona inafanya kazi kama courant ya umeme iko. Nimekupigia simu juma nzima. Inaita, inaita, hauchukue. Basi hii barua nampatia Muyisa, yeye anashuka Beni kila siku na taxi yake, na anajua atelier yako ya radio kule Boikene.

Habari ni hii: Kasonia, mutoto wa shangazi, ametoka Kampala na ile cellule uliomba, kichwa yenye kushika sindano ya diski! Mupya kabisa. Imelala mu kisanduku kidogo kama mutoto mu kitanda, na sindano yake ni ndogo kuliko mudomo ya sisimizi. Miye mushonaji, sindano nazijua, mais hii naiogopa.

Platine yako, mashini ya kuzungusha diski, iko pale pale tuliiweka ule mwaka ulinitumia vitu vyako juu ya usalama, ku meza ya dirisha, na diski zote chini yake. Haijaimba tangu tulipotoa ile sindano ya zamani, yenye ilikuwa inakwaruza. Unajua namna gani natamani kusikia diski ya Mama. Batoto bangu hawakumujua. Banaangalia picha yake ku ukuta, banauliza: mukaka alikuwa anaongea namna gani? Nabajibu: alikuwa anaimba. Banauliza: anaimba namna gani? Hapo nabaonyesha platine yenye haiimbe.

Koro ya parokia, waimbaji wenzake Mama, ilitoa diski chache, na ya Mama mudogo Josée ilivunjika kule Masereka. Yetu ndiyo imebakia. Donc sitaki kukosea. Uchukue simu, uniambie namna ya kufunga hii cellule. Ao uje wewe mwenyewe.

Mutoto wako,
Virginie


Boikene, Beni
tarehe 15, mwezi wa pili 2024

Mwana wangu Virginie,

Barua imefika, Muyisa ameniwekea mu mukono. Umwambie Kasonia wasingya, asante sana. Simu yangu betri imechoka, na réseau ya hapa unaijua. Tuandikiane. Mu barua mutu anafikiri mbele ya kusema.

Kwanza platine ikae sawasawa. Funga kifuniko yake, weka juu sahani yenye maji kidogo, uangalie kama maji inaegemea upande. Waya ine za nyuma ya cellule ziko na rangi, nyekundu, nyeupe, kijani, bluu: kila moja iende kwa rangi yake. Ukamate na pense ndogo, koleo, hapana kuvuta. Visi viwili vya kuishikilia usivikaze mbele ya kuangalia kama cellule inatazama mbele kabisa, kama mutu anaenda misa na haangalii bibanda bya pembeni. Kisha zungusha ule uzito wa nyuma mpaka mukono ya platine inaelea yenyewe, haipande, haishuke. Hapo ndipo unaongeza uzito kidogo, ile namba yenye iko ku kisanduku. Usipunguze ukifikiri unaihurumia diski. Sindano nyepesi inarukaruka mu mufereji, na ndiyo inaharibu.

Ndani kuna kampira kadogo kanashika sindano. Kangali kapya ni kagumu, kama kiatu cha Pasaka. Sauti itatoka nyembamba na kali. Usiogope. Cheza zile rumba zangu za zamani, kila mangaribi kidogo, mpaka kampira kalainike. Diski ya mama yako usiguse. Nitakuambia siku.

Na kitu kimoja tena. Kila mara ukicheza, uniandikie yenye unasikia. Usiniandikie "iko muzuri". Gitaa iko wapi, ngoma iko wapi, mwimbaji anavuta pumzi mahali gani. Usiruke kitu. Nikisoma, nitajua kama umeifunga vizuri.

Tata yako,
Maliro


Vulamba, Butembo
tarehe 4, mwezi wa tatu 2024

Tata,

Nimeifunga. Waya ya kijani ilikataa kuingia, nikaibembeleza na pense ya mashini yangu mpaka ikaitika.

Uliomba yote, basi soma. Siku ya kwanza gitaa zilitoka kali kama kisu ku sahani ya chuma. Mwimbaji akitamka neno lenye "s", inapiga filimbi, utasema nyoka amepewa mikro. Besi haikuwako, ule mutu wa besi ni kama alikuwa anapigia kwa jirani. Batoto bakacheka, bakasema sokulu, babu yao, ametutumia sindano yenye mafua.

Sasa ile makali imeshuka. Na jana nimesikia kitu sijasikia hata siku moja mu ile diski, miye niliyekulia chini yake: mupiga gitaa wa pili, ule wa nyuma, akibadilisha mahali pa vidole, vinakwaruza nyuzi. Kwi. Kidogo tu, kama panya mu mahindi. Nilisimamisha mashini ya kushona juu ya kusikiliza.

Mais Tata, niko na uchungu na nitausema. Jumatano ulichukua simu, kumbe betri iko. Nikakuambia: "Tata, ngoja, naweka telefone karibu na baffle, kule sauti inatoka, usikie mwenyewe." Ukajibu: "Iko muzuri sana, mwana wangu, sauti imefunguka." Ukakata.

Tata, nilikuwa sijashusha sindano. Platine ilikuwa inazunguka bure. Ulisema vile ili nikuache.

Tena Muyisa ameniambia, na sikumuuliza, kama kuna mwanamuke anaingia kwako kila asubuyi, anakaa mu atelier mpaka mangaribi. Christa, mujane wa jirani. Mama amepumzika, na weye uko mutu muzima, siko na neno. Lakini kama ni juu yake ndiyo unatukataza kusikia sauti ya Mama, uniambie wazi. Nitaelewa, hata kama itaniuma.

Virginie


Boikene, Beni
tarehe 11, mwezi wa tatu 2024

Virginie,

Mama Christa ni jirani. Anauza mukate ku mulango ya atelier kwa sababu kule kuna kivuli. Muyisa aendeshe taxi yake.

Ile ya simu, mukiliya wa radio alikuwa amesimama mbele yangu, nikajibu haraka. Usiiweke mu roho.

Ile ya vidole ku nyuzi nimeisoma, nikaisoma tena. Nilikuwa nimesahau kama vidole vinasikika. Andika zaidi. Besi imekuja? Inatoka mu sakafu ao inatoka mu ukuta?

Kuhusu diski ya mama yako, ngoja. Kampira bado. Hewa ya Butembo ni ya baridi, inakachelewesha. Acha mvua ipite.

Maliro


Vulamba, Butembo
tarehe 7, mwezi wa ine 2024

Tata,

Besi inatoka mu sakafu. Inapanda na miguu ya kiti mpaka ku magoti. Mwimbaji naye amehama: mbele alikuwa ndani ya baffle, sasa amesimama katikati, karibu na kabati, na nikifunga macho naweza kukuonyesha na kidole mahali pa kinywa chake. Akimaliza mustari, anameza mate. Ndiyo, Tata, na hiyo nasikia.

Kasonia alipita hapa, akakaa, akasikiliza. Akasema hii cellule imezoea zamani. Ule mwenye kumuuzishia kule Kampala alimwambia mangaribi chache zinatosha. Basi tunangoja nini? Mvua ya Butembo ipite iende wapi? Unaijua.

Kama ni kasirani juu nilikuomba utoke Beni uje kuishi kwetu, sema kama ni kasirani. Mambo ya kampira uiache.

Diski ya Mama niliitoa mu karatasi yake jana. Niliishika. Nikairudisha. Siwezi kuicheza bila wewe. Unijibu, Tata.

Virginie


Vulamba, Butembo
tarehe 22, mwezi wa ine 2024

Mama mudogo Josée,

Wasingya, na salamu kwa wote wa Masereka. Nakuandikia juu ya Tata, na ukae chini mbele ya kusoma, ingawa hajakufa.

Unajua tangu mwezi wa pili tunaandikiana juu ya platine na diski ya dada yako. Barua yangu ya mwisho hakujibu. Nikaingia mu taxi ya Muyisa bila kumuambia mutu.

Nilifika asubuyi. Mulango ya atelier ilikuwa wazi. Tata amenipa mugongo, amekaa ku meza yake, anaunga waya. Pembeni yake radio imewaka na nguvu yote, na haiko hata mu station. Inapiga tu shhhhh, mutu hawezi kuvumilia mule ndani. Nikasema, "Hodi, Tata." Kimya. Nikarudilia. Nikaita na sauti ya sokoni: "Maliro!" Akaendelea kuunga waya, anapuliza moshi pole pole.

Mwanamuke mumoja akaingia mbio nyuma yangu, mukate mu mukono. Akazima radio, akamugusa bega. Ndipo akageuka.

Aliponiona, uso yake ilianguka. Hakunisalimia mimi. Alimuangalia yule mwanamuke, akamuuliza: "Radio ilikuwa inalia?"

"Ilikuwa inalia, Tata Maliro."

Mama mudogo, Tata hasikii. Ile malaria ya mwaka jana, alipolazwa, baliweka dawa ya kinini mu serum ya mushipa. Homa ikaisha, masikio ikabakia inalia kama nyenje, kisha na nyenje zikaenda mbali. Tangu siku ile Christa, huyu mwanamuke wa mukate, ndiye masikio yake. Anamuambia kama mutu amebisha, kama radio imeanza kuongea. Kazi anafanya kwa vidole: anaviweka ku karatasi ya haut-parleur, kule sauti ya radio inatoka, inamutetemekea, anajua imepona.

Nikamuuliza juu ya nini alinificha. Christa akamusimamia mbele, akarudilia maneno yangu pole pole na midomo mikubwa.

"Nani ataletea radio fundi asiyesikia?" akanijibu. "Na weye ungenifunga mu gari siku ile ile."

Ni kweli. Ningemufunga.

"Na barua zangu?" nikasema.

"Barua zako ndizo nilikuwa nasikia nazo. Vile vidole ku nyuzi, nilivisikia, Virginie. Nilikuwa hapa, nikavisikia." Akapangusa meza yenye haikuwa na vumbi. "Lakini sauti ya mama yako... Niliogopa ile siku. Mumekaa wote mbele ya platine, naona batoto banacheka, na miye niko hapo kama mutu amefungiwa inje ya nyumba yake."

Nililia, naye akanitafutia leso mahali hakuna leso, mpaka Christa akanipatia kitambaa cha mukate. Nikamuomba Christa musamaha kwa maneno yenye yeye hata hakujua niliandika. Akasema, "Kama ni mabaya usiniambie, kula mukate."

Tata amekubali kitu kimoja: kwenda bamuangalie masikio. "Siende na tumaini," alisema. "Naenda juu unyamaze." Utuombee.

Mutoto wako,
Virginie


Boikene, Beni
tarehe 13, mwezi wa tano 2024

Mwana wangu Virginie,

Nilienda.

Infirmière, muuguzi wa hospitali, ni mutoto wa juzi, anaitwa Jemima. Aliangalia sikio ya kuume na taa yake, akatikisa kichwa. Akaangalia ya kushoto, akacheka. Nikaona anacheka, nikasimama nitoke. Akanikamata na koti, akaandika ku karatasi: "Tata, huku kumefungwa tu."

Wakati ule wa homa, masikio yakinipigia kelele, nilikuwa natia pamba. Kipande kimoja kilibakia ndani, na uchafu ukajenga nyumba juu yake. Mwaka mzima natembea na mulango imefungwa, na ufunguo iko kwa mutoto mwenye seringe, bomba ya maji! Alinipatia mafuta ya kutonesha kwanza. Niliporudi, akasukuma maji ya vuguvugu, akarudilia, akarudilia. Maji nikaisikia. Nilifikiri naiwaza tu. Kisha nyuma yangu mutu akaburuta kiti, na nikageuka. Jemima akapiga makofi, na makofi nikayasikia.

Sikukuambia yote bado. Ya kuume imekufa na kinini, docteur anasema haitarudi. Na hii ya kushoto inasikia kama mutu amesimama inje ya dirisha: sauti nzito naipata, nyepesi zinanipotea. Ndege sizisikii. Lakini Christa anasema nimeanza kumujibu hata yenye hakuniuliza.

Jumamosi nafunga atelier, napanda na Muyisa. Usipike sana. Safisha sindano na brosi yake, kutoka nyuma kuja mbele, hapana kinyume. Diski ya mama yako uipanguse na kitambaa kikavu.

Kuhusu ile kampira: ilikuwa imelainika tangu barua yako ya gitaa. Hewa ya Butembo haina kosa.

Tata yako,
Maliro


Vulamba, Butembo
tarehe 27, mwezi wa tano 2024

Mama mudogo Josée,

Tata alikuja. Alikuja na mukate ya Christa, na Christa mwenyewe, ati wa kubeba mukate. Nilimupikia.

Nilimuwekea Tata kiti katikati. Akakisogeza pembeni, akaelekeza sikio ya kushoto ku baffle, karibu mpaka nywele zake nyeupe zikagusa kitambaa. Sindano hakuniachia. Alishusha yeye mwenyewe.

Mama akaimba.

Nilizoea kuandikia Tata kila kitu nasikia, na hii siwezi. Nikuambie tu kama mutoto wangu mudogo alininong'oneza, "Ni yeye?" Nikasema, ni yeye. Akaenda kukaa chini, mbele kabisa, na kichwa amekiinua, kama mutu anaongeleshwa.

Tata alifunga macho. Ilipokwisha nikamuuliza, "Umesikia?" "Kule juu ananiponyoka," akasema. "Akishuka, namupata. Akishuka, Virginie, ni yeye kabisa." Akapangusa uso na mukono. Kisha akasema: "Na kuna mutu anapiga ngoma. Ile naisikia kuliko yote."

Nikamuambia hakuna ngoma mu ile wimbo. Akarudisha sindano. Tukasikiliza wote, na ni kweli: chini kabisa ya sauti kuna tu, tu, tu, laini, kama ngoma imefunikwa na nguo. Nikasikia na kitu kingine. Mbele ya Mama kuanza, mutoto mumoja analia kidogo, kisha ananyamaza. Na ile sindano ya zamani hatukusikia mutoto wala ngoma, kukwaruza kulifunika yote.

Tata anasema hajui. Siku ile ya kukamata sauti yeye alikuwa Manguredjipa kwa kazi. Amesema nikuulize weye, juu ulisimama karibu na Mama. Mutoto ni wa nani? Na nani alipiga ngoma?

Kuhama amekataa, nilijaribu. Lakini amesema atapanda kila mwisho wa juma, na ameanza kufundisha batoto kushika mukono ya platine. Christa naye atapanda, juu ya mukate.

Virginie


Masereka
tarehe 11, mwezi wa sita 2024

Virginie, na weye shemeji Maliro,

Barua ilinikuta mu shamba ya viazi. Niliisomea juu ya gunia, na nikabakia pale mpaka jirani akauliza kama ninaumwa.

Shemeji, kwa sikio yako namushukuru Mungu, na ule mutoto Jemima.

Sasa nijibu. Padri mwenye alikuja na mashini ya kukamata sauti alikataza ngoma, alisema itameza waimbaji. Tuliimba bila kitu, mulango ya kanisa imefungwa, mikro moja tu. Rébecca dada yangu alikuwa mbele kabisa, mikro ku kinywa, na weye Virginie ulikuwa ku mugongo yake, ndani ya pagne, kitenge ya kubebea. Ulikuwa unaota meno na homa ilikushika. Padri akasema, mutoto atoke inje. Rébecca akamujibu: "Padri, huyu akitoka, na sauti ya kwanza inatoka." Tulicheka sana, na padri naye. Akawasha mashini. Papo hapo ukalia.

Hatukusimama, tuliogopa padri atachoka na sisi. Rébecca akapitisha mukono nyuma, akaanza kukupiga pole pole juu ya pagne, tu, tu, tu, namna tunalaza batoto, na akaanzisha wimbo. Ulilala mbele ya mustari ya pili. Nilikuwa ubavuni yake, nilikuona unalala, nikamukonyeza kama anaweza kuacha.

Hakuacha. Alikupiga vile mpaka wimbo ikaisha.

Mama mudogo,
Josée